Waacheni Wazunguke Kidimbwi

Kila Krismasi, taarifa za habari za jioni katika runinga zetu huwa na kipande kimoja kisichobadilika. Watoto waliovaa jaketi za kuokolea maisha zinazowafika magotini wamepangwa ndani ya boti katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Baba anahangaika na makasia, boti inajizungukia papo hapo, mama anacheka huku ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili. Kisha mwanahabari anamwelekezea mmoja wao kipaza sauti na kumwuliza mbona mwaka huu hakusafiri. Swali lenyewe lina kidharau ndani yake. Wenzako wako ushago wanachinja mbuzi, wengine wako Diani wanaota jua, nawe umebaki hapa kuzunguka kidimbwi.

Mimi nipo upande wa kidimbwi. Naamini kuzunguka maji yale bila kwenda popote ni miongoni mwa mambo ya maana kabisa ambayo Nairobi imewahi kuwapa wakazi wake, na anayeona kuwa ni burudani ya waliokosa nauli hajauelewa mji anaoishi.

Nasema haya nikiwa mtu wa Pwani, na Pwani hakuna anayepanda chombo kwa sababu ya kupanda chombo. Ngalawa ni ya kuvulia. Mashua hubeba mchanga, boriti na makuti. Jahazi lilikuwa la biashara, likingoja kaskazi na kusi kama mfanyakazi angojavyo zamu. Hata mashindano ya majahazi ya Lamu, ambayo wageni huyapiga picha kutwa, kwa manahodha wenyewe ni suala la heshima na majina, si mapumziko. Kivuko cha Likoni huvusha watu laki kadhaa kwa siku na sijapata kumwona aliyepanda feri kwa starehe. Na walio na umri wangu hawajaisahau Mtongwe: Aprili 29, 1994, feri ilipinduka na watu 272 wakafa maji, nchi kavu ikionekana. Kwetu maji huheshimiwa kwanza, mengine baadaye.

Ndiyo maana ami yangu mmoja, aliyemaliza ujana wake baharini, alipokuja kunitembelea nikampeleka Uhuru Park, alisimama ukingoni akiitazama foleni ya wanaolipia boti asiamini macho yake.

"Wanakwenda wapi?"

Hawaendi popote, ami. Watazunguka, kisha watashukia hapa hapa.

"Na samaki?"

Samaki hakuna.

Akanyamaza. Akamtazama kijana aliyekuwa akipiga kasia moja majini na jingine hewani, kisha akasema kwa upole wa mtu anayemfariji mfiwa: "Basi wana pesa za kuchezea, mwanangu."

Hawakuwa na pesa za kuchezea. Foleni ile ilikuwa na mafundi wa mjengo waliooga wakapendeza, wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wakigawana soda moja, familia iliyovaa sare kutoka soko la Gikomba, na wasichana kadhaa ambao, kwa namna walivyokuwa wakichekeana kuhusu mabosi wao, ilikuwa wazi kwamba ni wafanyakazi wa nyumbani wenye Jumapili yao ya mapumziko. Hao wa mwisho ndio nilioendelea kuwatazama. Mtu anayewaogesha, kuwalisha na kuwabembeleza watoto wa mwingine siku sita amekaa kwenye boti, amekunja mikono, anapelekwa. Hakuna anayemwita. Akiitwa, hawezi kwenda, yuko majini.

Nairobi ni mji wa safari zenye sababu. Anayetoka Kibera alfajiri kwa miguu hadi Eneo la Viwandani ana sababu, na anayepigania kiti cha matatu mvua inapoanza kunyesha, nauli ikipanda kwa kila tone, naye ana sababu kubwa zaidi. Mtu huenda mahali kwa kuwa kuna anayemngoja huko: mwajiri, mwalimu, karani, mdeni au mdai. Dakika zile ndani ya boti huenda ndizo mwendo pekee wa wiki nzima usio na mtu anayengoja upande wa pili akitazama saa. Ami yangu aliona upungufu pale: safari isiyo na bandari. Kwa mtu wa Nairobi, kukosekana kwa bandari ndiko anakolipia.

Na si rahisi kama inavyoonekana kutoka ukingoni. Ambaye hajawahi kushika makasia hudhani ni kazi ya misuli. Kitu cha kwanza kinachomchanganya ni kwamba mpiga makasia hukaa ameupa kisogo upande anaoelekea. Huona alikotoka tu: gati, walinzi, foleni, mtoto aliyeachwa kwa shangazi akilia. Mbele yake, yaani nyuma yake, lazima aambiwe na aliyekaa tezi. Hivyo boti za Uhuru Park huvuma kwa maelekezo: kushoto, si kushoto kwako, kushoto kwangu, simama, tunagonga! Kitu cha pili ni kwamba mikono ya binadamu hailingani nguvu. Mkono wenye nguvu hushinda, chombo hupinda, na anayejaribu kurekebisha kwa kuvuta zaidi hujikuta amegeuka mduara mzima. Dawa ni kupunguza upande mmoja, jambo ambalo wanaume wengi hulikubali baada ya kuloa. Zile za kukanyaga kwa miguu nazo zina kesi yake, kwa kuwa watu wawili hukanyaga kwa kasi mbili. Nimewahi kuwaona wachumba wakinuniana katikati ya maji, na wote wawili hawana mlango wa kutokea kwa hasira. Ilibidi wapatane. Sikufuatilia kama walioana.

Maji ya starehe mjini, kihistoria, yalikuwa ya wafalme. Bwawa la Retiro, Madrid, ambalo leo limejaa boti za makasia, lilichimbwa katika karne ya 17 zama za Felipe IV kwa ajili ya maonyesho ya baraza lake. Wananchi waliipata bustani ile baada ya mapinduzi ya 1868. Ziwa la Serpentine katika Hyde Park, London, lilianza kutengenezwa mwaka 1730 kwa matakwa ya Malkia Caroline. Wazo kwamba mji utumie pesa za umma kuchimba maji ili karani na mkewe wapande boti Jumapili ni changa zaidi. Birkenhead Park, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ilifunguliwa mwaka 1847 ikiwa na ziwa na kibanda cha boti. Mmarekani mmoja, Frederick Law Olmsted, aliitembelea mwaka 1850, akashangaa kuona wanyonge wakiifurahia sawa na wenye nacho. Miaka michache baadaye, yeye na Calvert Vaux wakabuni Central Park ya New York, na ziwa la boti likawa sehemu ya mpango wao. Afrika nayo ina mfano wake mkongwe. Bustani yenye bwawa la Zoo Lake, Johannesburg, ilitolewa kwa mji mwaka 1904 kwa sharti kwamba iwe ya wakazi wote, na sharti lile likaja kuwa mwiba kwa watawala wa enzi za ubaguzi waliotaka kila benchi liwe na rangi yake.

Nairobi haikuwa na mfalme wa kunyang'anywa bwawa. Ilikuwa na mkoloni. Katika mji ule, Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa kazi. Aje, afanye kazi, aonyeshe kipande, arudi Pumwani au kijijini. Kustarehe katikati ya mji hakukuwa katika hesabu ya mkoloni. Kwa hiyo Jomo Kenyatta alipofungua Uhuru Park tarehe 23 Mei 1969, ekari zipatazo 32 kando ya barabara kuu, na maji ndani yake, alikuwa akisema jambo ambalo hotuba za uhuru zilikuwa hazijalisema waziwazi: kwamba mwananchi anaruhusiwa kuwa katikati ya mji mkuu wake bila kuulizwa amekuja kufanya nini.

Ruhusa hiyo imejaribiwa. Mwaka 1989, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipata habari kwamba jumba la ghorofa 60 la Kenya Times Media Trust lingejengwa ndani ya bustani, likiwa na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Mbia wa gazeti la Kenya Times alikuwa tajiri wa Uingereza, Robert Maxwell. Maathai akaandika barua huku na huko, ikiwemo kwa balozi wa Uingereza, akihoji kama wao wangekubali jumba la namna ile lisimamishwe Hyde Park. Bungeni wakamkejeli, akina mama waliokuwa naye wakaitwa kundi la walioachika. Desemba 12 mwaka huo, katika sherehe za Jamhuri zilizofanyika ndani ya bustani ile ile, rais akasema mwanamke wa Kiafrika wa kweli huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Maathai hakunyamaza. Mapema mwaka 1990 wawekezaji wa nje walijitoa na mradi ukafa.

Tumezoea kulisimulia tukio hilo kama kisa cha miti na udikteta, na ni kweli kilikuwa hivyo. Lakini tujiulize nini hasa kilitetewa. Uhuru Park si Msitu wa Karura. Haina msitu wa asili wala wanyama adimu. Kilichokuwepo ni nyasi za kulalia, njia za kutembelea, wahubiri wa saa saba, wapiga picha na maji ya kuzungukia. Maathai alihatarisha kazi yake yote, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi lilizokuwa nazo, kwa ajili ya haki ya watu kukaa bure mahali penye thamani kubwa ya ardhi. Nyuma ya mpango wa jumba lile kulikuwa na imani ambayo bado inatutawala: ardhi isiyoingiza pesa imelala, na mtu aliyelala juu yake anaizuia nchi isiendelee.

Miaka 30 baadaye imani hiyo ilirudi ikiwa imevaa kofia ya mhandisi. Mwaka 2019 ilibainika kwamba ramani ya barabara ya Nairobi Expressway ingekata kipande cha bustani. Wanjira Mathai, binti yake Wangari, alikuwa miongoni mwa waliopinga, kelele zikawa kubwa, na serikali ikalazimika kuibadili ramani. Ndiyo maana leo ukiwa ndani unaiona barabara ile ikipita juu kwa juu, magari yakikimbilia uwanja wa ndege, nawe uko chini unakanyaga pedeli kwa mwendo wa bata.

Historia ya Uhuru Park huandikwa kwa mikutano yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alisoma misa hapo mwaka 1985. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona yake, na walipovamiwa na polisi siku chache baadaye, baadhi yao wakavua nguo kuwalaani. Katiba mpya ilitangazwa hapo Agosti 27, 2010. Maathai mwenyewe aliagwa hapo Oktoba 2011. Kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, alijiapisha hapo kuwa rais wa wananchi Januari 2018. Siyapuuzi hata moja. Ila ukizihesabu siku zote hizo kubwa hazijazi hata mwezi, na Jumapili ziko 52 kila mwaka. Mkutano huisha, jukwaa likabomolewa, chupa zikaokotwa, na wiki inayofuata foleni ya boti iko palepale. Nadhani hata uhuru wa kukutana kisiasa hulindwa na foleni hiyo, kwa sababu bustani ambayo watu wameizoea kwa raha ni vigumu kuwafungia siku wanapokuja kwa hasira.

Lakini ilifungwa. Mwaka 2021, NMS, mamlaka iliyokuwa ikiendesha huduma za jiji chini ya Mohamed Badi, iliifunga ili ikarabatiwe, na wakazi wakangoja zaidi ya walivyoahidiwa. Sipingi ukarabati. Bustani ilikuwa imechoka, vyoo vilikuwa aibu, na maji yale kuna siku yalinuka kiasi cha kumfanya ami yangu aulize kama ni ya mvua au ya mtaro. Hofu yangu iko kwenye tabia ya miradi yetu. Huanza na rangi, ikafuata njia ya zege, kisha ua, kisha lango, na mwishoni kibanda cha tiketi chenye mashine isiyopokea noti. Hatua hadi hatua, yule aliyekuwa akija bila kuulizwa anaulizwa.

Kuna mahali palipokwepa mtego huo. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Taa zikawekwa, nyasi zikapandwa, ukuta wa bahari ukaimarishwa, na wavulana wa mjini wakaendelea kujitupa majini kutoka ukutani kila jioni kama kwamba hakuna kilichotokea. Hicho ndicho kipimo changu cha ukarabati: waliokuwepo kabla ya rangi wawepo na baada yake.

Kuna msomaji atakayesema hospitali hazina dawa, nami nimekaa nazungumzia boti. Sijawahi kuona shilingi iliyonyimwa bustani ikaonekana baadaye kwenye duka la dawa. Tuendelee.

Kuna faida moja ya maji yale ambayo sijasikia kaunti ikijivunia, na ingepaswa. Watoto wengi wa bara hukua bila kugusa maji yenye kina zaidi ya beseni. Kisha mvua zinapokuja, machimbo ya mawe ya viungani mwa Nairobi hujaa, mito hufurika, na kila msimu tunasoma habari za watoto waliozama wakiogelea mahali ambapo hakuna aliyewaambia ni hatari. Boti ya bustani ndiyo huenda ikawa somo lao la kwanza. Humo mtoto anafungwa jaketi, anaambiwa asisimame, anahisi chombo kikiyumba pale nduguye anaposogea, anajifunza kwamba maji hayasikii ukiyaamrisha. Ami yangu, alipoona mlinzi akikataa kumpakia baba aliyegoma kuvaa jaketi, ndipo alipotikisa kichwa kwa kuridhika kwa mara ya kwanza siku ile. "Huyu anajua kazi," alisema.

Basi nitakalo ni dogo na lina gharama ndogo. Jaketi za watoto ziwe za watoto, si za baba zao zilizokazwa kamba. Bei iandikwe kwenye ubao kwa herufi kubwa, isiwe ya kunong'onezwa kulingana na mavazi ya mteja. Awepo mtu anayejua kuogelea, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo na si kwa kukata tiketi. Maji yabadilishwe kabla hayajaanza kulalamika yenyewe. Askari wa kanjo wakome kuwafukuza wauza njugu waliokaa nje ya njia. Na bei ikipanda, ipandishwe baada ya diwani fulani kumpeleka mlinzi wa lango lake na familia yake nzima pale Jumapili, kwa mshahara wa mlinzi.

Wanaosema kidimbwi kimoja hakitoshi mji wenye mamilioni ya watu wana hoja, nami naiunga mkono. Nairobi tayari ina bwawa la pili, kubwa kuliko lile mara nyingi. Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji, na kwa miaka mingi lilikuwa na klabu ya mashua za matanga, watu wakivua samaki na kushindana. Leo sehemu kubwa yake ni tope, taka na magugu maji. Magugu yamewahi kung'olewa, kukapigwa picha, na yakarudi, kwa sababu chakula chake ni maji taka yanayoteremka kutoka mitaa ambayo haijawahi kuunganishwa na mabomba. Kila anapoingia kiongozi mpya husikika akitaja gati, mikahawa na boti za watalii pembeni mwa bwawa hilo. Aanze na vyoo vya Kibera. Akimaliza hivyo, boti anaweza kuziagiza hata kwa mkopo.